Mpako wa kuzuia bakteria kwenye meza ya chuma ya samaki: tununue au tuache?

Mwanakikundi, Kibirizi, Kigoma

Shikamooni wakubwa. Kikundi chetu cha akina mama kina meza mbili za chuma kisichoshika kutu, ambazo tunaparulia migebuka na kuhe kabla hawajatiwa barafu. Kila jioni tunazisugua kwa sabuni na brashi ya nyaya, lakini asubuhi ukipitisha kidole penye maungio unakuta ute na harufu. Mfanyabiashara mmoja anatuuzia mpako anaodai kuwa bakteria hawaushiki kabisa, na bei yake inakaribia bei ya meza. Je, mpako wa namna hiyo upo kweli?

Mtu wa maabara, Tabora

Marahaba. Mipako ipo, ila hilo neno "kabisa" ndilo la kutiliwa shaka. Samaki akishagusa chuma, protini za damu na utelezi wake hutanda juu yake ndani ya sekunde chache, na bakteria hutua juu ya tandiko hilo. Mwanzoni wanakuwa wameegemea tu, kiasi kwamba maji yanaweza kuwaondoa. Baada ya saa kadhaa hutoa gundi yao wenyewe na kujijengea utando ambao sabuni haiupenyi kwa urahisi. Huo ndio ute mnaoukuta asubuhi.

Mipako mingine huwanyima pa kushika, kama ule wa sufuria zisizogandisha chakula, au ule wa polietilini glikoli, ambao hushikilia tabaka la maji linalozuia protini zisikifikie chuma. Mingine huua: madini ya fedha na shaba hutoa ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, na titani dioksidi hufanya kazi inapopigwa na miale ya urujuanimno, kama ile ya jua, kwa hiyo usiku bandani haiwasaidii kitu. Tatizo la mipako inayoua ni kwamba damu na mizoga ya bakteria hufunika uso wake, na wanaofuata hutua juu ya uchafu huo bila kudhurika.

Fundi chuma, Ujiji

Mimi naona adui wenu ni ile brashi. Uso wa chuma cha kushikia chakula hutakiwa kuwa na ukwaruzo wa wastani usiozidi mikromita 0.8 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na bakteria mmoja ana urefu wa takriban mikromita 1 hadi 2. Kila mfereji unaochorwa na waya huwa nyumba yake. Isitoshe, nyaya za chuma cha kawaida huacha chembe zinazoshika kutu. Tumieni brashi ya plastiki, na klorini isilale juu ya meza, kwa sababu hutoboa vishimo kwenye tabaka jembamba la oksidi ya kromiamu linalolinda chuma hicho. Huo mpako, hata ukiwa mzuri, visu vyenu vitaukwangua.

Muuguzi, Tabora

Naomba nitetee shaba kidogo. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilisajili aloi za shaba, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, kuwa zinaua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria kadhaa ndani ya saa mbili, na kwa vitasa vya milango ya wodi naziafiki.

Mtu wa maabara, Tabora

Kwa vitasa nakubali, dada, maana ni vikavu na hufutwa. Juu ya meza ya samaki, shaba huyafanya mafuta ya samaki kuchacha upesi, na migebuka ina mafuta.

Mwanakikundi, Kibirizi, Kigoma

Asanteni sana. Nimepitisha ukucha penye maungio na unakwama kila mahali, na pembeni yake chuma kina rangi ya buluu.

Fundi chuma, Ujiji

Buluu hiyo ni alama ya moto wa kuchomelea: kromiamu imepungua hapo na kinga imedhoofika. Mahali hapo pasagwe, pang'arishwe mpaka ukucha uteleze, kisha pasafishwe kwa asidi maalumu ya chuma hicho, na fundi avae glavu na miwani, kwa kuwa asidi hiyo ni hatari. Pesa mlizotaka kununulia mpako zitumieni kwa kazi hiyo.