Naomba ushauri: boma la zahanati limekwama kwenye lenta

Habari zenu wakuu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, niliingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024. Wananchi tulichangishana, tukafyatua tofali, tukainua boma la zahanati hadi lenta. Halmashauri ya wilaya iliahidi kupaua. Kimya! Nyasi zimeota ndani, mbuzi ndio wagonjwa wetu wa kwanza. Tukiuliza, eti mapato ya ndani hayatoshi, na huku ushuru wa mazao unakatwa kwa mashine pale kizuizini kila siku. Diwani naye anasema tusubiri fungu kutoka Hazina.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wiki ijayo na watu wamechoka kuchangia. Nimfuate mkurugenzi na muhtasari wetu mkononi, au tuanzie kamati ya maendeleo ya kata? Mliopitia haya mlifanyaje?