Mafundi kompyuta wa Kigoma, "tupige window" imetuchosha!

Wakuu, habari za mihangaiko. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa mafundi simu, huu una moto wake.

Hapa Kigoma mjini ukipeleka mashine kwa fundi, jibu ni moja tu: "tupige window", yaani afute na kuweka Windows upya. Gemu haifunguki? Tupige window. Sauti haitoki? Tupige window. Printa imegoma? Hujamaliza hata kueleza, jamaa kashachomeka flashi. Na kila ikipigwa hela inakutoka, mafaili yanapotea, na tatizo unarudi nalo nyumbani kama lilivyo.

Mimi yangu ni hii. Nina Command & Conquer Generals na nyongeza yake ya Zero Hour, gemu za vita za 2003, zile za majeshi ya Marekani, China na kundi la GLA. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu hawahitaji maelezo. Nikapeleka mashine kwa fundi mmoja pale Mwanga abadilishe hard disk (inayotunza mafaili) iliyoanza kulia. Kaweka nyingine, kapiga Windows 10, hapo sina ugomvi, diski mpya lazima ipigwe. Nimefika kwangu Katubuka, nimeweka gemu, nabonyeza: picha ya mwanzo inatokea, halafu kijisanduku kinachosema kuna hitilafu kubwa, huenda ni virusi, huenda vifaa vimepata joto, huenda mashine haina uwezo.

Nikamrudishia. Akakisoma kile kijisanduku nusu nusu, akatingisha kichwa kama daktari. "Bro, si unaona yenyewe inasema vifaa? Kadi ya picha imekufa. Tafuta laki na arobaini." Jamani! Mashine yenyewe haina kadi ya picha ya pembeni, picha zinatoka ndani ya prosesa hiyo hiyo. Inacheza muvi vizuri, inafungua gemu nyingine vizuri, iweje kadi ambayo haipo ife kwa ajili ya Zero Hour peke yake? Nilipombana akashuka bei: basi tupige window tena, elfu ishirini.

Sasa sikilizeni, maana hili fundi yeyote angelijua kama angetafuta kidogo mtandaoni kabla ya kutaja bei. Ujumbe ule wa virusi na joto gemu inautoa ikianguka kwa sababu karibu yoyote ile, hautambui chochote. Kwenye Windows za siku hizi sababu inayoongoza ni faili moja dogo linaloitwa Options.ini. Zamani gemu ikifunguliwa mara ya kwanza ilipima mashine na kulitengeneza yenyewe. Kwenye mashine mpya kipimo hicho kinashindwa, faili halizaliwi, gemu inaanguka. Dawa ni kuingia kwenye Documents, kuhakikisha kuna folda yenye jina Command and Conquer Generals Zero Hour Data, na kuliandika faili hilo humo kwa Notepad. Mstari wa Resolution = 1024 768 na mingine michache ya mipangilio, basi. Ile Generals ya kwanza ina folda yake, bila maneno Zero Hour.

Na hapa wengi wanakwama, kisha wanakuja kutukana humu kwamba dawa haifanyi kazi: Notepad inapachika .txt mwishoni na Windows inaificha. Wewe unaona Options.ini, kumbe ni Options.ini.txt na gemu hailioni. Washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili (File name extensions) ndipo uhakikishe.

Ikigoma bado, ingia kwenye folda ya gemu yenyewe, tafuta faili liitwalo dbghelp.dll, libadilishe jina. Ni la zamani na linagombana na Windows mpya. Hakuna kadi ya laki na arobaini hapo. Faili la kilobaiti moja, wakuu!

Wenye CD halisi nao wana msiba wao. Unaingiza diski safi kabisa, gemu inakwambia ingiza diski sahihi. Diski haina kosa. SafeDisc, ulinzi wa kuzuia CD kunakiliwa, ulitegemea draiva (programu ndogo ya ndani ya Windows) iitwayo secdrv.sys, na Windows 10 ilipotoka 2015 ilikuja bila draiva hiyo kwa sababu za usalama. Mwaka huo huo Windows 7 nayo ilipata apdeti ya kuizima. Hata upige Windows 10 mpaka vidole viote sugu, hairudi. Lakini hapa mjini kuna mtu ameuziwa kisomeo kipya cha CD kwa tatizo hili, nimemwona kwa macho yangu.

Gemu nyingine za zamani nazo: Red Alert 2 ikikuletea ujumbe wa kosa la String Manager, bonyeza kulia alama yake uchague Run as administrator, nyingi zinapona hapo hapo. Age of Empires II ikilalamikia DirectDraw, mfumo wa zamani wa Windows wa kuchora picha, ni habari ya picha, si ya kadi kufa.

Na nyie wa humu jukwaani msijifiche nyuma ya mafundi. Nilipouliza, wa kwanza akaniambia ninunue PlayStation. Wa pili eti nishushe gemu mpya ya magigabaiti, kwa bando gani, la baba yako? Wa tatu, huyu ndiye hatari, akaniwekea tovuti ya kushusha DLL (mafaili ya msaada ya programu) moja moja. Mkuu, DLL ya kuokota kwenye tovuti usiyoijua ndiyo mlango wa virusi. Kama kinachokosekana ni cha DirectX, programu za Microsoft zinazosaidia gemu kuchora picha na kutoa sauti, chukua kifurushi kizima kwa Microsoft wenyewe.

Gemu sasa inawaka, hata kwa waya wa mtandao na jamaa wa Ujiji tunapigana, mradi wote tuwe na toleo 1.04 la Zero Hour, la sivyo hamuingii chumba kimoja.

Kilichobaki ni wewe fundi, unajijua, na najua humu unapita. Hard disk yangu ya zamani uliyosema "haina kazi" bado iko kwenye droo yako. Ina picha za familia na kazi zangu za ofisini. Ilikuwa inalia, haikuwa imekufa, na sikukuuzia. Jumatatu asubuhi nakuja kuichukua, na sitaki kusikia kwamba umeshaifomati ukamwekea mteja mwingine. Na ile risiti niliyokuomba, iandike kabisa.