Mjadala: Bodaboda zirudi mji wa kale wa Amu (Lamu), au usita, yaani njia ya mtaani, ubaki wa punda na waendao kwa miguu?

Ndugu zangu wa Amu, mlio nyumbani na mlio Mombasa, Oman na kwingineko, naomba tulijadili hili kwa utaratibu, maana barazani limeshageuka ugomvi. Serikali ya kaunti ilishatoa amri pikipiki zisiingie mji wa kale. Amri ikitoka huheshimiwa kwa muda, kisha moja hupenya usiku, nyingine alfajiri, na baada ya siku kidogo unazisikia tena mchana kweupe. Vijana wa boda wanasema wamekatiwa riziki. Wenye nyumba wanasema kuta zao zinatikisika. Na wako wanaouliza kwa nini mwenyeji ateseke kwa miguu ili mgeni apate picha nzuri.

Mimi nasema pikipiki zibaki nje. Nitatoa sababu zangu, kisha nitasema wanaopinga wana haki wapi, kwa sababu haki wanayo.

Anayetoka mtaa wa Mkomani kwenda Langoni kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, anajua kuna mahali punda wawili wenye shogi (mifuko ya mzigo ya mgongoni) hawapishani mpaka mmoja asubiri. Mwenye mzigo akipaza sauti kutoka nyuma unajibana kwenye daka (kibaraza cha mlangoni) la mtu, punda anapita na mawe yake, vumbi la chokaa linabaki begani kwako, unaendelea na safari. Hapo hapo watoto wa chuo cha Kurani wanatoka mbio, mama ameweka sinia la mahamri mlangoni, mzee anapunga upepo barazani. Punda anakwenda mwendo wa mtu, na mtoto akimkatia njia mara nyingi husimama mwenyewe. Pikipiki kwenye kona ile haina pa kukwepea, na mtoto pia hana.

Nyumba zenyewe ni za matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. UNESCO ilipouingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, iliutaja kuwa mji wa Kiswahili mkongwe zaidi na uliohifadhika vizuri zaidi Afrika Mashariki, tena ambao bado unaishi kazi zake za zamani. Kazi hizo ni pamoja na huyu mnyama anayepeleka mchanga na saruji mpaka mlangoni pa anayejenga.

Hoja ya "tunafanyiwa haya kwa ajili ya watalii" siipendi, na naomba tuiache. Mgeni anakaa siku tatu anaondoka. Anayetembea njia ile miaka sabini ni bibi yako. Ukimya wa usita ni haki yake yeye kwanza, hata kama asingekuja mgeni hata mmoja.

Sasa lile linaloniuma zaidi: tamasha letu. Kila Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa Novemba, tunaionyesha dunia vyombo vyetu vya usafiri. Vijana wanapanda punda bila tandiko na kutimka kandokando ya bahari, watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Punda mmoja anakata kona ghafla na kuingia katikati ya watazamaji, mwingine anagoma kabisa, mpanda anashuka kumsukuma huku watu wakishangilia. Baharini mashua zinashindana, tanga limejaa upepo, mabaharia wamening'inia kwenye ubao uliotolewa nje ya ubavu ili chombo kisipinduke. Ukiona jinsi nahodha anavyogeuza tanga pale pa kugeukia, unajua umeona ujuzi ambao haufundishwi kwa karatasi. Washindi wanatunzwa na viongozi wanahutubia juu ya urithi.

Tamasha likiisha, punda yule yule anarudi kwenye mawe. Ukiinua shogi unakuta kidonda. Usiku anaachwa atafute chakula mwenyewe, na anachokipata jaani ni mifuko ya plastiki. Tangu 1987 mjini kuna kliniki ya punda inayotibu bure, na iliyoianzisha ni shirika la hisani la Uingereza. Nawashukuru sana. Lakini sisi tunaojiita wenyewe tumeweka nini? Na fundi wa vyombo wa kijiji cha Matondoni, anayejua kuchonga mataruma (mbavu za chombo) na kukalafati, yaani kuziba nyufa, kwa pamba na mafuta, anabaki na chombo kimoja cha kutengeneza kwa sababu waliokuwa wateja wake wamehamia boti za faiba. Tukisema tunaondoa pikipiki ili kulinda urithi, urithi wenyewe ni hawa. Marufuku isiyomlisha punda wala kumpa fundi kazi imefika nusu ya njia tu.

Nije kwa vijana wa boda. Wengi wao wangekuwa baharini. Bandari mpya ya Lamu, kwenye Ghuba ya Manda, ilipojengwa, maeneo ya uvuvi yalibanwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 na ikakubali kwamba haki za watu wa Amu, pamoja na za utamaduni wao, zilivunjwa. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021. Kijana ambaye baba yake alikuwa na jarife, wavu wa kuvulia, na yeye sasa ana pikipiki ya mkopo, si adui wa urithi. Ni mtu ambaye urithi wake ulishaguswa kabla hajawasha injini. Kumfukuza Mkunguni, katikati ya mji, bila kumwonyesha pa kwenda ni dhuluma, na nasema hivi nikiwa naunga mkono marufuku.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Vituo vya boda viwe ukingoni mwa mji, upande wa mtaa wa Wiyoni na upande wa juu, vyenye kivuli na maji, vitambulike rasmi. Njia za vijiji vya Matondoni na Kipungani ziwe zao, huko kuna abiria wa kweli na mchanga mwingi wa kutembea. Mzigo ukifika kituoni, upokewe na punda kwa bei inayojulikana, ili mwenye duka asilipe mara mbili kwa kukisia. Sehemu ya fedha za tamasha ipelekwe kwenye birika za maji za punda na majani yao mwaka mzima, na atakayekutwa amebebesha punda mwenye kidonda atozwe faini kama anavyotozwa wa pikipiki. Anayesema mwendo wa punda ni mateso kwa mnyama atakuwa amejibiwa kwa vitendo.

Kuhusu wagonjwa na kina mama wanaojifungua sioni ubishi. Mwenye dharura apitishwe ufuoni saa yoyote, kwa chombo kinachojulikana ni cha wagonjwa, na asiulizwe kibali. Wanaotumia mfano wa mama mwenye uchungu kutetea pikipiki inayopeleka kreti za soda wanajua wanachofanya.

Mtakaochangia, tafadhali semeni mnaishi mtaa gani na mnatumia chombo gani, maana aliye Shela na aliye Gadeni hawaoni tatizo moja. Wenye punda hasa nawasubiri: mzigo wa mifuko kumi ya saruji kutoka gatini mpaka nyuma ya msikiti wa Riyadha mnatoza kiasi gani sasa, na mngekubali bei iliyopangwa? Na vijana wa boda, kituo kikiwekwa Wiyoni mtakaa, au mtarudi mjini ikifika jioni? Jibuni kwa ukweli hata kama unanipinga.