Miungu sita na wanyama wao: mnaoanishaje ili mnyama asiwe pambo tu?

Mchongadadu

Wakuu, salaam. Ninatunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ule wa karatasi, dadu na msimulizi mmoja. Dunia yake ni bonde la mto mkubwa unaofurika kila mwaka na kukauka kabisa kiangazi. Wakazi wake wana miungu sita, na kila mungu ana mnyama wake. Wachezaji wanaanza kwa kuchagua mnyama. Mungu wanakuja kumgundua baadaye, mchezo ukishakolea.

Hadi sasa nimepanga hivi: Mama wa Mafuriko ana mamba, Hakimu wa Viapo ana simba, Mlinda Vizingiti (anayewavusha wafu) ana bundi, Mhunzi ana fahali, Bwana wa Njaa ana fisi, Mleta Habari ana kunguru. Kila nikiisoma orodha hii naiona imepooza. Mtu akiona bundi anajua kifo, akiona simba anajua ufalme, habari imeisha. Nataka mchezaji aulize "kwa nini huyu?" na jibu likimfikia limkae.

Maswali yangu ni mawili. Mnaoanishaje? Na je, miungu wawili wanaweza kugawana mnyama mmoja bila kuwavuruga wachezaji?

Kigelegele

Mhunzi mpe kigong'ota. Anagonga kutwa, unamsikia kabla hujamwona, na Warumi walimhesabu kuwa ndege wa Mars, mungu wa vita. Mdundo na silaha vimeshakutana hapo, huna haja ya kulazimisha kitu. Fahali mrudishe shambani.

MzeeWaRamani

Mkuu Mchongadadu, wewe umelinganisha sifa na sifa, ukali kwa ukali. Anza na kile ambacho mnyama anafanya mbele ya macho ya watu wa bonde lako, mahali fulani, saa fulani.

Mimi nikikwama huwa narudi Misri ya kale. Bweha walionekana wakizungukazunguka makaburini pembezoni mwa jangwa, na Anubis, mlinzi wa maiti, akachorwa na kichwa cha bweha. Nyani hupiga kelele alfajiri, Wamisri wakawachonga wameinua mikono kuliamkia jua. Dundu husukuma tonge la mavi kwa miguu ya nyuma, na watoto wake hutoka ndani ya tonge kama vile wamejiumba wenyewe. Huyo akawa Khepri, jua linalochomoza. Kila mmoja hapo alionwa kwanza, maana ikafuata.

Swali lako la kugawana nalo lilishajibiwa hukohuko. Kiboko jike, kwa jinsi anavyomlinda mtoto wake, alikuwa sura ya Tawereti, mlinzi wa wajawazito. Watu waliweka vinyago vyake majumbani. Kiboko dume alihusishwa na Seti, mungu wa vurugu, na mfalme alichorwa akimchoma mkuki. Mnyama ni yuleyule, umegawa jike na dume tu, na wachezaji hawatapotea.

Lakini kinachonigusa zaidi ni mwiko, na naomba ukipe nafasi kubwa. Mnyama wa mungu lazima amgharimu mfuasi kitu. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaeleza kuwa kuna Wamisri waliofuga mamba mtakatifu, wakamvika hereni za dhahabu na bangili kwenye miguu ya mbele, ilhali watu wa Elephantine, kusini mwa Misri, walimla mamba huyohuyo. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa enzi za Warumi, anasimulia kisa kikali zaidi cha zama zake: watu wa Kinopoli, mji uliomheshimu mbwa, walikula samaki wa pua ndefu ambaye jirani zao wa Oksirinko walimtukuza. Wale wa Oksirinko wakawakamata mbwa, wakawachinja kama sadaka, wakawala. Vita vikazuka, wote wakaumia, mwishowe Warumi wakaingilia kuwaadhibu. Hebu fikiria kisa hicho mezani kwako! Hakuna joka wala mchawi, ni mlo wa jioni tu, na miji miwili inachomana.

Sasa turudi kwa Mama wa Mafuriko. Mamba ni yuleyule masika na kiangazi, hasemi lolote kuhusu mafuriko. Mweke kamongo. Maji yakikauka anajizika kwenye tope, anajifunika ute unaogeuka ganda, anavuta hewa kupitia kitundu kidogo, na anaweza kukaa hivyo hata zaidi ya mwaka. Maji yakirudi anaamka. Huyo ni mafuriko yaliyolala.

Mwiko wake unajitokeza wenyewe: mfuasi wa Mama wa Mafuriko hachimbi tope la mto uliokauka. Halafu wapeleke wahusika wako katikati ya bonde mwezi wa jua kali, viriba vitupu, na kati yao mmoja tu ndiye mwenye ujuzi wa kujua maji yalipo, kina cha mkono chini ya tope. Awe ndiye mfuasi. Usimpe dadu ya kumwokoa. Mwache aamue.

Nahodha_wa_Karatasi

Nakubali habari ya mwiko, ila nampinga Mzee mahali pamoja. Ukijaza miungu yote sita wanyama wa kushangaza, wachezaji watatumia jioni nzima kuuliza maelezo badala ya kucheza. Mnyama anayetambulika haraka ana kazi yake. Waathene waligonga sura ya bundi wa Athena, mungu wao wa kike, kwenye sarafu zao, na aliyeipokea alijua imetoka wapi bila kusoma herufi. Tai wa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, vivyo hivyo. Wewe bakiza wanyama wawili wepesi, wawe kama mlango wa kuingilia, hao wanne wawe wa kuchimbua.

Kunguru mwache alipo. Wengi watamkumbuka Odin, mungu mkuu wa Wanorse wa kale, na kunguru wake, Huginn na Muninn, wanaozunguka dunia na kurudi kumnong'oneza. Hiyo si aibu. Ila uwape pia kisa cha Wagiriki: kunguru wa mungu Apollo alikuwa mweupe, akamletea bwana wake habari kwamba mpenzi wake Koronis amemsaliti, na hasira ya mungu ikamgeuza mweusi. Kwenye karatasi ya mfuasi wa Mleta Habari chora manyoya meupe. Kila anapofikisha habari mbaya bila kuipunguza, unyoya mmoja unapakwa wino, na watu wanazidi kumwogopa. Akiificha, unyoya unabaki mweupe lakini mungu hamsemeshi tena mpaka aifikishe. Hapo kunguru ana uzito bila kuwa mgeni.

BintiKunguru

Kabla ya kuendelea kutaja majina ya wanyama, Mchongadadu, amua uhusiano. Huyu mnyama ni mungu mwenyewe amejigeuza? Ni mtumishi? Ni kipando? Ni chakula? Haya ni mambo tofauti kabisa na kila moja linazaa kanuni yake. Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, anapanda panya, na ukubwa ule juu ya udogo ule ndio unaoshika akili. Thor, mungu wa radi wa Wanorse, anawachinja mbuzi wanaovuta gari lake, anawala, kisha anawafufua ilimradi mifupa haijavunjwa. Kijana mmoja alipasua mfupa afikie uboho, na mbuzi mmoja akaamka akichechemea. Freyja, mungu wao wa kike, gari lake linavutwa na paka. Ukiandika "mnyama wake ni fulani" bila kusema ni nani kwake, umeandika nusu.

Na Hakimu wa Viapo nakuomba sana umwondolee simba. Mpe mlembe, yule ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki. Anaita, anaruka mbele kidogo, anasubiri, anaita tena. Watu wanatoa asali, yeye anakula nta. Ni mkataba wa kweli kati ya ndege wa porini na binadamu, usioandikwa popote. Na inasimuliwa kwamba ukimnyima fungu lake, safari ijayo atakupeleka kwa nyoka au kwa simba. Simba wako hajapotea, basi, amekuwa adhabu!

Tena mlembe ana upande wa giza. Hutaga kwenye viota vya ndege wengine, na kifaranga chake huanguliwa na kulabu kali mdomoni, anazitumia kuwaua vifaranga wa mwenye nyumba. Mungu wa viapo ambaye mwenyewe alilelewa kwa usaliti: hilo ni fumbo ambalo wahusika wako wanaweza kulifukua mchezo ukifika mbali.

Mchongadadu

Dada BintiKunguru, mlembe nimemchukua, na swali lako la uhusiano nimelibandika juu ya kila ukurasa. Kamongo naye ameingia, kigong'ota pia, kunguru anabaki na manyoya yake. Mlinda Vizingiti nimempa mjusi kafiri: anakaa ukutani juu ya mlango, nusu ndani nusu nje, na akishikwa anaacha mkia anakwenda. Anayevuka kizingiti chake lazima aache kitu cha mwili wake, hata kama ni unywele. Bundi nimemtoa kabisa.

Bado Bwana wa Njaa. Fisi namwona hafai tena. Na kuna jambo la koo: kila mhusika amezaliwa katika ukoo wenye mnyama wake pia. Itakuwaje mnyama wa ukoo akigongana na wa mungu?

MzeeWaRamani

Mjusi kafiri umempata pazuri mno.

Njaa mpe nzige, lakini mtumie vizuri. Akiwa peke yake ni panzi mpole anayewakwepa wenzake. Wakisongamana, wakagusanagusana miguu ya nyuma, tabia inageuka ndani ya saa chache, na rangi nayo hubadilika baadaye. Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu, ndiye aliyeonyesha mwaka 1921 kwamba nzige waliodhaniwa kuwa aina mbili mbalimbali walikuwa aina moja katika hali mbili. Kwa hiyo mfuasi mmoja wa Bwana wa Njaa ni mtu wa kufunga na kuomba, hana madhara. Weka idadi ya kificho anayoijua msimulizi pekee. Wafuasi wakifikia idadi hiyo chini ya paa moja, mungu wao anakuwa mwingine.

Kuhusu koo, tenganisha undugu na ibada. Kwa Waojibwe wa Amerika Kaskazini mnyama wa ukoo hurithiwa kwa baba, na watu wa mnyama mmoja hawaoani kwa sababu ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana. Huyo haabudiwi, ni jamaa. Basi ukoo uamue nani anakupokea ugenini, nani huwezi kumwoa, nani lazima umzike. Mungu aamue unachokatazwa. Mtu wa ukoo wa Mlembe akiwa mfuasi wa Mama wa Mafuriko hana tatizo lolote. Ila mtu wa ukoo wa Kamongo anayemtumikia Bwana wa Njaa, mwaka ambao mto haukufurika, huyo mwandikie kisa chake peke yake.