Naomba ushauri: nyutroni za ayoni ya shaba zinahesabiwaje?

Ndugu zangu, heshima kwenu. Binti yangu wa kidato cha tatu alipewa swali la ayoni ya shaba yenye chaji ya chanya mbili, akatakiwa kutaja idadi ya protoni, nyutroni na elektroni. Protoni 29 hazina ubishi. Kwenye elektroni aliandika 31, kwa kuwa aliona alama ya kujumlisha juu ya Cu (alama ya shaba) naye akajumlisha. Nilimweleza kwamba chaji hiyo hutokana na atomu kupoteza elektroni mbili, hivyo zinabaki 27, akakubali kwa shingo upande.

Kilichonishinda mimi mwenyewe ni nyutroni. Jedwali la elementi lililobandikwa kwenye daftari lake linaonyesha 63.55 kama tungamo la shaba, naye akaikadiria kuwa 64, akatoa 29 na kupata 35, ilhali shaba ya asili ina isotopu mbili tu (aina za atomu zake zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni), ya 63 na ya 65, zenye nyutroni 34 na 36. Swali halikutaja isotopu. Je, aandike jibu lipi, na nimweleze vipi kwa wepesi kwamba 63.55 ni wastani, wala si tungamo la atomu yoyote ya shaba?