Tupeane uzoefu: mtoto mwenye ulemavu ulimfundishaje kusoma na hesabu nyumbani?

Mama Figi:
Wakuu, leo muuza mayai kapita na trei, nikacheka peke yangu. Mwanangu haoni tangu kuzaliwa. Nukta nundu, yale maandishi ya wasioona ya kupapasa, alianzia kwenye trei: nalikata vibaki vishimo sita, viwili kwa vitatu, anatia gololi. Moja juu kushoto ni "a". Hapo raha tupu.

Balaa likaja na kibao na sindano ya kutobolea nukta kwenye karatasi. Tunakaa njia ya ndege, basi nikamwandikia "dege". Anapapasa, anasema "figi". Rudia. "Figi." Siku ya tatu nikamfinya. Akalia, na bado kwa kwikwi akasema "figi". Nikabeba karatasi hadi kwa mwalimu wake, naye haoni. Akapitisha kidole, akacheka: "Mama, hapa umeandika figi." Kumbe ukitoboa, nukta zinatokea upande wa pili, kwa hiyo unaanzia kulia na kila herufi unaigeuza. Kuanzia kulia nilijua, kugeuza sikujua. D ikawa f, e ikawa i. Asiyejua kusoma pale nilikuwa mimi. Nilimwomba msamaha, na jina ndiyo hilo kanipa.

Kobe Mzee:
Dah. Hapo kwenye kumfinya umenisema mimi.

Baba Mapacha:
Mpelekeni bweni, walimu wamesomea hayo. Mnajitesa bure.

Mama Figi:
Na likizo ikifika nimkalishe na redio?

Binti wa Tanga:
Wangu kiziwi. Nilikazania asome midomo, kila nikisema "mama" anaonyesha picha ya baba. Simama kwenye kioo useme mama, baba, papa. Midomo ni ileile! Tulipoingia lugha ya alama ndipo maneno ya daftarini yakapata maana.

Baba Mapacha:
Ukimzoesha alama hataongea kabisa.

Binti wa Tanga:
Kaka, wewe una mtoto kiziwi? Huna. Basi tulia.

Mzee wa Vizibo:
Tusigombane. Hesabu: vizibo vya soda. Karanga msithubutu, wangu ana Down syndrome, kazaliwa nayo, kujifunza kwake polepole, kila nikiuliza tano toa mbili anakula zote, jibu sifuri.

Kobe Mzee:
Mimi karanga ndizo zilimfundisha kutoa 😂

Nje ya Mada:
Wangu ana usonji, haongei. Namba yangu ya simu tulikuwa tunaiimba akioga, huku naiandika kwa kidole kwenye povu. Akanipotea Kariakoo, mkesha wa Idi. Saa nne nzima natafuta, sauti imekauka. Watu wanamuuliza jina, kimya. Kijana wa mkokoteni akamwona anachora vumbini: sifuri, saba... akadhani mchezo. Alipofika tarakimu ya kumi akafuta, akaanza upya. Zilezile. Kijana akatoa simu, akapiga.

Kobe Mzee:
Nimesisimka mwili mzima.

Mzee wa Vizibo:
Huyo kijana ulimpa nini?

Nje ya Mada:
Alikataa hela. Alikunywa soda tu.

Baba Mapacha:
Hapo kweli. Wangu wanaona na wanasikia, namba yangu hawaijui.

Mama Figi:
Jamani uzi umetekwa. Karatasi ngumu za kutobolea mnapata wapi? Za daftari zinachanika.

Kobe Mzee:
Kalenda za mwaka jana. Omba dukani, wanatupa.

Mzee wa Vizibo:
Na vizibo niachieni mimi.