Betri tatu ndani ya miezi minne, kumbe ni soketi! Mafundi pikipiki wa Arusha mtatumaliza

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina boda ya CC 150, yangu mwenyewe, mkataba nilishamaliza. Kijiwe changu kiko Sakina na riziki yangu kubwa ni alfajiri, saa kumi na nusu nawapeleka akina mama soko la Kilombero kuwahi mzigo. Mnaoijua Arusha ya mwezi wa saba mnaelewa baridi ya saa hizo, na baridi na betri chovu havipatani. Selfu, ile stata ya kitufe, inasema "ka!" mara moja, kimya. Unapiga kiki mpaka jasho linatoka ndani ya koti, mama wa watu kasimama na ndoo zake anakutazama, halafu taratibu anatoa simu na kumpigia mwenzako.

Hayo ndiyo maisha yangu tangu Machi.

Fundi wa kwanza nilimkuta anakula. Hakuinuka. Akaniambia piga selfu, nikapiga, akasema betri. Kwa kusikiliza tu, kama mganga. Kweli ile iliyokuja na pikipiki ilikuwa na miaka miwili, sikubisha. Nikatoa 45,000 ya betri na 5,000 ya ufundi. Wakamimina asidi mbele yangu, wakafunga vifuniko, hapo hapo ikafungwa kwenye pikipiki. Baadaye ndiyo nimekuja kujua kwamba betri ya kumimina asidi huachwa kama nusu saa itulie, halafu ichajiwe polepole, ile ya 7Ah (huo ndio ukubwa wa akiba yake) kwa moto wa ampea 0.7 hivi, ndipo ianze kazi. Mimi nina kamchezo, kila kifaa ninachonunua nakikwaruza tarehe kwa msumari. Nikaandika ubavuni 14/3. Ishikeni hiyo tarehe, nitairudia.

Mwanzoni mwa Mei, ka! Kimya.

Fundi wa pili huyu ndiye aliyeniumiza, na ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu. Akawasha pikipiki kwa kiki, akapiga resi, halafu injini ikiwa inaunguruma akachomoa waya wa betri. "Unaona kaka, haijazima. Chaji ipo. Shida ni betri yako, wamekuuzia feki." Wakati anasema hivyo taa ya nyuma ikamulika kweupe kama umeme wa radi, ikafa. Taa za dashibodi nazo zikafa. Akaniuzia balbu, 6,000. Na betri nyingine, 45,000. Na ufundi wake. Ile ya zamani akasema niiache, ni uchafu tu huo.

Wakuu, hiki kipimo cha kuchomoa betri injini ikiwaka, nani aliwafundisha? Kwanza kwenye pikipiki nyingi kama yangu CDI, kile kiboksi kinachopeleka cheche kwenye plagi, ina koili yake humo humo kwenye magneti, mtambo unaozalisha umeme injini ikizunguka. Haitegemei betri hata kidogo, ungeweza kuondoa betri ukaweka tofali na injini ikaendelea kunguruma. Kwa hiyo kutokuzima hakusemi lolote kuhusu chaji. Pili, betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye koili ya chaji. Ukiichomoa kwenye resi volti zinaruka juu ghafla na kuunguza chochote kilicho mbele yake, kuanzia balbu hadi regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa chaji unaokwenda kwenye betri. Fundi anapima afya ya mgonjwa kwa kumpiga rungu kichwani.

Siku hiyo hiyo akanishawishi tufunge taa za spoti mbili, za wati 20 kila moja, waya moja kwa moja kwenye betri, bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa), bila fyuzi. Nikakubali. Ujinga wangu huo sitamsukumia mtu.

Juni ikafa tena. Fundi wa tatu sina mengi ya kumsema, alifungua tu kifuniko, akaongeza maji ya bomba. Maji ya Arusha! Maji haya haya yanayotupaka meno rangi ya chai tangu utotoni, ndiyo anaweka kwenye betri inayotaka maji yaliyochujwa madini yote. Yalipogoma kuifufua akaniuzia ya tatu. 45,000.

Kuna mtu atasema, si upige kiki tu uendelee na maisha. Sawa, kiki ilikuwa inawasha. Lakini honi hakuna, indiketa hakuna, taa ya breki hakuna. Faini ya bodaboda ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 kuwa 10,000, nashukuru, ila hiyo elfu kumi nayo siokoti njiani.

Aliyeniokoa wala si fundi pikipiki. Ni mzee mmoja wa Ngarenaro anatengeneza redio na TV, nilimpeleka abiria hapo mlangoni, pikipiki ikagoma kuwaka, akaja na mita yake ya digitali ya bei rahisi, ile ya njano. "Kijana, umeshapima?" Nikamwambia mzee wangu, mafundi watatu wameshaitazama. Akacheka. "Sijauliza kama wametazama."

Akagusa betri ikiwa imezimwa, ikasoma 12.1. Akasema betri nzima iliyojaa na kupumzika inatakiwa iwe 12.6 hadi 12.8, hii ipo nusu au chini, lakini haijafa. Tukawasha kwa kiki. Sailensa, yaani bila resi, 12.0. Nikapiga resi, yeye kainama na zile sindano mbili mkononi. 12.0. Nikaongeza. 12.0. Akaninong'oneza kama vile kuna mtu analala, "Hapa inatakiwa ipande 13.5 mpaka 14.5. Ikizidi 15 inachemsha betri. Isipopanda kabisa, betri inakula akiba yake mwenyewe." Nikabaki nimeganda. Dakika mbili tu, wakuu. Dakika mbili na mita ambayo mimi mwenyewe nimeinunua juzi kwa 15,000.

Halafu akafuata nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye magneti mpaka kwenye soketi yake chini ya tenki. Kabla hajaichomoa nilishasikia harufu, plastiki ya kuungua, ile inayobaki kooni. Kuivuta haitoki, imeshikana. Ilipotoka, tundu moja kati ya matatu lilikuwa la kahawia iliyokoza, limeyeyuka likapinda kama mdomo wa mtu aliyenyimwa chai, na pini yake ndani imelegea inacheza. Akahamisha mita kwenye AC, umeme wa magneti kabla haujapita kwenye regyuleta, akapima koili upande wa magneti, njano kwa njano, jozi zote tatu: zikasoma sawasawa na kupanda pamoja na resi. Akazima, akapima kila njano na bodi ya injini, hakuna mawasiliano. Koili nzima. Ingekuwa jozi moja iko chini au waya mmoja unagusa bodi, hapo ndiyo koili imeungua.

Soketi akaikata, akaweka mpya. Resi: 12.4. Bado. Tukaazima regyuleta ya mwenzangu mwenye pikipiki kama yangu, tukachomeka bila hata kufunga bolti, ila waya wa ethi tukaubana vizuri kwenye chuma kisicho na rangi. Resi: 14.2. Nilitaka kumbusu mzee wa watu. Anavyodhani yeye, soketi ilikuwa inagusa na kuachia tangu Machi, na regyuleta ilikufa siku ile taa ilipomulika kweupe.

Betri zikiishi kwenye hali hiyo ya njaa zinafanya ukoko mweupe wa salfeti kwenye sahani zake, ukizidi hata uchaji vipi haishiki. Na zile spoti: wati 40, jumlisha taa kubwa wati 35, ni ampea sita na kitu. Betri ya 7Ah isiyochajiwa inamaliza shughuli kwa saa moja hivi. Safari mbili za Kilombero.

Hesabu zangu hizi hapa. Betri tatu 135,000, ufundi mara tatu 15,000, balbu 6,000. Jumla 156,000. Tiba yenyewe: regyuleta 18,000, soketi 2,000, mzee alitaka 5,000. Elfu ishirini na tano! Siku ambazo sikufanya kazi sijazihesabu, nikizihesabu nitalia humu.

Sasa ile tarehe.

Jana kijiweni chalii mmoja wa upande wa Ngaramtoni kafungua siti anatafuta fyuzi. Naangalia betri yake, ubavuni kuna mkwaruzo. 14/3. Mwandiko wangu, ile nne yangu yenye mguu mrefu. Nikamuuliza kanunua wapi. Kanitajia yule yule fundi wa pili, mwezi wa tano, 30,000, kaambiwa imetumika wiki mbili na Mzungu aliyerudi kwao. "Uchafu" wangu, kauchaji usiku mmoja akauuza. Na chalii anasema inapiga selfu vizuri tu mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hamjaniambia nimwachie Mungu: Jumamosi saa nne asubuhi naenda pale. Naenda na chalii, na betri, na mita yangu. Nataka anieleze mbele ya wateja wake, kwa kupima, hiyo betri aliyoitoa kwenye pikipiki yangu ilikuwa na ugonjwa gani. Mwenye pikipiki iliyopita kwake mwaka huu aje, ila kwanza afungue siti aangalie ubavuni.